Spika Tano Siku ya Hina

Nyinyi vijana mnaonijia barazani kuniuliza mambo ya spika, kwanza ziwekeni chini hizo simu. Najua humo mnaona kila kitu. Mtu wa nchi ya mbali anashika waya, anauchomeka, anatabasamu, kazi imekwisha. Huyo hana jirani. Hana mama mwenye nyumba wa kumwambia kwamba wufa, lile spika kubwa la sauti nzito, lisikae sakafuni kwa sababu pale ndipo paka anapopenda kulala. Mimi nimefunga redio, tepu, televisheni na mwishowe kompyuta za watu kutoka Mishomoroni mpaka Mtongwe, na tangu nianze hadi macho yaliponigomea, sikuwahi kuingia nyumba nikakuta spika zimekaa zinapotakiwa kukaa.

Tuanze na hilo la kukaa. Spika za kuzunguka chumba ni tano na wufa lake. Mbili mbele, kushoto na kulia. Moja katikati, karibu na kioo cha kompyuta. Mbili nyuma ya mtu aliyeketi. Wufa liweke popote ambapo watu hawatajikwaa, maana sauti nzito haina adabu, inapenya kila mahali bila hodi. Ni hivyo tu. Sasa nenda Mishomoroni kwa mke wa dereva mmoja wa lori, ukute zote tano amezipanga juu ya kabati la vyombo, na kila moja ameivisha kitambaa cha kufuma chenye vishada. Nikamwambia kwa upole, mama, hizi mbili ni za nyuma. Akasema nyuma ni ukutani, nani atakayeziona? Nikamwambia si za kuonekana, ni za kusikika. Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyekosa malezi. Kwake yeye, kitu kilichokuja na kontena kutoka ng'ambo hakifichwi nyuma ya kochi. Mwisho tukapatana kwamba zile mbili zitakaa nyuma siku za kawaida, na wageni wakija zitapanda kabatini. Nyumba ile ilikuwa haiishi wageni, kwa hiyo sidhani kama ziliwahi kuteremka.

Na hata zikikaa vizuri, msidhani mmepona. Changamwe nilimfungia bwana mmoja wa kiwandani, mtu wa bara, mpenzi wa filamu za kivita. Nilimfungia vizuri mno, na uzuri huo ndio ulioleta balaa. Mkewe alikuwa jikoni akisonga ugali. Akatoka na mwiko wake kuja kuuliza kama chai iletwe kabla ya chakula au baada, akapita katikati ya chumba, na papo hapo mwanajeshi ndani ya filamu akakanyaga majani makavu nyuma yake. Yule mama hakuuliza. Aligeuka na mwiko. Kesho yake nikapigiwa simu kwamba spika moja ya nyuma imekuwa na sauti ya mtu mwenye mafua. Nilipoifungua nikakuta ugali umekauka kwenye kile kikaratasi kinachotetemeka. Mumewe akaniomba radhi kwa niaba ya nyumba nzima. Nikamwambia asijali, kwani spika imesadikiwa, na hiyo ndiyo sifa kubwa spika inayoweza kupata.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kibwana, pale Kisauni, enzi ambazo redio zilikuwa na mwili wa mbao. Alikuwa mkali, na ukali wake ulikuwa na utaratibu. Mteja akija akasema redio yangu imeharibika, Mzee Kibwana hakuigusa. Alisema kuharibika ni huzuni ya mteja, si ugonjwa wa redio. Aliuliza mambo mawili tu: nini kinasikika, na nini hakisikiki? Ukishika bisibisi kabla ya kuuliza hayo, alikunyang'anya, akakutoa nje ya kibanda, ukapige hodi upya, usalimie upya, uanze kazi upya kama mtu mwenye adabu. Nilipigishwa hodi nyingi mbele ya wateja, na wengine walidhani mimi ndiye mteja mgeni wakanipisha kiti.

Nyinyi mnacheka, lakini mkiitwa kwenye kompyuta kitu cha kwanza mnachofanya ni kuzungusha kitufe cha sauti mpaka mwisho. Haisikiki, mnaongeza. Bado haisikiki, mnaongeza. Kisha mnaigusa pini, inarudi kwa nguvu zote, na bibi wa watu anaangusha kikombe.

Nyuma ya lile sanduku la kompyuta, tunaloliita sipiyu, kuna matundu ya sauti yenye rangi. Spika tano na wufa huja na pini tatu. Ya kijani ni ya spika za mbele, nyeusi ni ya nyuma, na ile ya rangi ya machungwa ni ya katikati pamoja na wufa. Ukikuta kompyuta yenye matundu ya rangi hizo hizo, shukuru Mungu, chomeka, enda zako. Lakini kompyuta nyingi za watu wetu zina matundu matatu tu, la kijani, la buluu na la waridi, na hapo ndipo vijana wengi wanapokata tamaa wakasema spika hizi si za kompyuta hii. Ni zake. Kijani kwa kijani, nyeusi kwenye la buluu, machungwa kwenye la waridi, hata kama umezoea kwamba la waridi ni la maikrofoni. Kisha kompyuta itakuuliza kwenye kioo, umechomeka nini? Ijibu. Iambie hizi ni spika, na iambie ni ngapi. Usipoijibu itaendelea kudhani una mbili, na zile nyingine zitakaa kama mapambo ya kabati. Halafu kuna kijisanduku cha kuweka alama ili wimbo wa kawaida nao ugawiwe spika zote, hata za nyuma. Weka alama. Ukimaliza, iambie ijaribu spika moja moja, na wewe zunguka chumba, weka kiganja juu ya kila spika inapolia, uhakikishe ya kushoto iko kushoto.

Mimi nilikuwa na desturi yangu moja zaidi. Nilikuwa nikipasua vipande vya leso kuukuu, nikafunga kipande kwenye kila pini, na kipande cha leso hiyo hiyo nikakigandisha kwa utepe kando ya tundu lake. Nilifanya hivyo kwa sababu hakuna nyumba ya Mombasa ambayo samani hukaa mahali pamoja mwaka mzima. Akija mgeni, kabati linahama. Ikifika idi, kila kitu kinahama. Basi wakihamisha na kuchomoa, wenyewe watarudisha, leso kwa leso, bila kuniita.

Kazi ninayoikumbuka kuliko zote sikuigusa kwa mkono wangu. Ilikuwa Mtopanga, nyumbani kwa Bi Rukia, siku ya hina ya mjukuu wake, Zule.

Zule alilelewa na Bi Rukia, mama wa baba yake. Baba mwenyewe alifariki Zule akiwa bado anasoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani, juzuu ya kwanza. Mama yake, Salma, baada ya eda akaamua kwenda Uarabuni kufanya kazi za nyumba za watu. Bi Rukia akamkataza. Alisema hawezi kufiwa na mwana kisha akakimbiwa na mkwe, na kwamba kula yao ingepatikana papo hapo Mtopanga. Salma akaenda. Tangu hapo Bi Rukia hakusema naye. Simu ya Salma ikiingia, Bi Rukia alikuwa akikumbuka chungu chake jikoni, hata kama jikoni hapakuwa na moto. Miaka ikapita namna hiyo. Vitu alivyotuma Salma vilipokewa, salamu zake hazikupokewa.

Kompyuta ile na spika zake tano alizituma Salma mwenyewe, miezi kabla ya harusi. Alikuwa amemwomba mwajiri wake ruhusa ya kuja akanyimwa. Akasema basi, kama hawezi kuja mwili, ataletwa na sauti. Siku ya hina, baada ya adhuhuri, mwenye nyumba wake akitoka, atapiga kupitia kompyuta, amwone binti yake, na amtolee radhi mbele ya jamaa zake wote. Na alitaka sauti ijae nyumba, si ile sauti ya simu ya kugombaniwa na masikio. Zule naye akatangaza lake. Akasema mama yake asiposikika akimtolea radhi kwa kinywa chake, yeye hatainuka kwenye mkeka, na hiyo nikaha ya kesho mwenye kuitaka akaolewe yeye. Alikuwa amelelewa na Bi Rukia, na akisema neno alikuwa halirudishi.

Nilifunga mambo yote asubuhi, kabla wanawake hawajajaa. Nikaweka meza ya kompyuta ukutani, spika za nyuma nikaziangika pande mbili za mlango, nikajaribu moja moja, nikafunga leso zangu, nikaondoka nikaenda kujinyoosha. Baada ya adhuhuri Saumu akanipigia simu. Saumu ni mdogo wake Salma, mama mdogo wa Zule. Hakusalimia, na mtu wa kwao asiposalimia ujue pana jambo. Alisema tu niende mbio.

Nilipofika, nyumba ilikuwa imejaa wanawake, vichwa wazi, leso viunoni, siku yao. Mwanamume haingii. Kwa hiyo fundi mzima nikasimama barazani, kwenye dirisha lililoshushwa pazia, nikapiga hodi kwenye nondo. Wapita njia walinisalimia wakidhani naombea mtu posa.

Saumu akaja upande wa pili wa pazia.

"Fundi, muziki walia, vizuri tu," akasema. "Salma amepatikana, twamuona. Yuwafungua kinywa lakini hatumsikii hata neno. Yeye atusikia sisi, ile kamera ina sikio lake. Sasa yuwalia. Adhani tumemfanyia makusudi."

Nikamuuliza kwa nini wasikate wakapiga kwa simu. Akasema laini ile wameipata kwa kuhangaika sana, Salma hana simu nyingine ila hiyo aliyoishika, na mwenye nyumba wake atarudi wakati wowote. Wakikata, huenda ndiyo basi. Nyuma yake nikamsikia Zule akiuliza kama mama yake angali pale kwenye kioo. Mimi ni mtu wa waya, lakini nina mabinti.

Nikafumba macho, nikamkumbuka mwalimu wangu. Nini kinasikika? Vinanda, ngoma, matari. Nini hakisikiki? Salma. Na mwimbaji je, wa hiyo taarabu mnayopiga, yuasikika? Ndani wakaanza kubishana. Mmoja anasema yuko, mwingine anasema yuko lakini mbali. Kumbe wao wenyewe walikuwa wakiimba kwa nguvu tangu asubuhi, wimbo wanaujua wote, hakuna aliyetambua kama mwimbaji amesaidiwa au amepokonywa kazi. Nikawaomba wanyamaze, waache muziki peke yake. Wakanyamaza.

"Fundi," ikasema sauti nyingine. Huyo alikuwa Mama Kavata, jirani yao kutoka Ukambani, mwenye duka la unga. "Huyo mama wa kuimba amepotea kabisa. Vyombo viko, mwenyewe hayuko."

Basi nikajua. Na hili mlishike, maana litawafaa. Muziki una pande mbili, kushoto na kulia. Vyombo huwekwa huku na huku, lakini mwimbaji huwekwa sawasawa pande zote mbili, ndiyo maana unamsikia katikati. Mtu anayezungumza kwenye simu ndiye zaidi, yeye ni sawa tupu. Pini isipoingia mpaka mwisho, zile pande mbili zinagongana, na kilicho sawa kinafutana. Vyombo vinabaki, mtu anatoweka. Wengi wakiona hivyo hufungua spika, hubadilisha waya, huita shekhe. Dawa yake ni kusukuma pini kidogo tu.

Lakini mimi nilizisukuma asubuhi. Nikamuuliza Saumu kama kuna aliyegusa. Akasema hapana, walisogeza tu meza kidogo. Nikauliza kidogo ni kiasi gani. Ilikuwa imetoka ukuta wa mashariki ikaenda ukuta wa magharibi, kwa sababu mwanga wa dirisha ulikuwa haumpendezi bi harusi. Sipiyu yenyewe waliishusha chini, kando ya mkeka wa Zule, kwa vile nyaya hazikufika. Pini zote walichomoa, na zote wakarudisha.

"Leso kwa leso, fundi, wallahi," akasema Saumu. "Sikukosea hata moja."

Na kweli hakukosea. Nikamwambia azisukume. Akasema amesukuma. Nikamwambia mpaka mwisho. Akasema mwisho wenyewe ndio huo. Tukarudiana hivyo mpaka nikamuuliza anazishika vipi hizo pini. Akasema anazisukuma kwa mafundo ya vidole. Nikauliza, mafundo ya vidole kwa nini, na Mungu amempa vidole?

"Fundi," akasema, taratibu, kama anayesema na mtoto, "leo ni siku ya nini?"

Nikaona haya. Hina. Chumba kizima kilikuwa na hina mbichi, kutoka ncha za vidole hadi viwiko, kila mwanamke ameinua mikono mbele yake hagusi kitu. Ndivyo walivyohamisha meza, kwa makalio na mabega. Baadaye nikaambiwa kwamba hata simu ya kuniita Saumu aliipiga kwa ncha ya pua, na kabla ya kunipata alikuwa ameshampigia kinyozi na muuza gesi.

Nikawaomba, kwa heshima, mmoja wao ajitolee kuharibu hina yake. Mama Kavata akasema kwa huzuni kwamba hiyo ni hina yake ya kwanza maishani na bado hajapigwa picha. Saumu akasema basi ataharibu yake, Salma ni dada yake. Nikasikia akiinama. Kisha nikasikia akisonya. Hina ikiwa mbichi huteleza, na pini ni kitu chembamba. Kila akiibana, ilimponyoka. Nikamkataza upesi asiendelee, maana hina ikiingia kwenye lile tundu, tutakuwa tumemzika Salma kabisa. Zule akasema ataamka yeye akaisukume kwa meno. Wanawake wote wakamkemea kwa pamoja.

Saumu akarudi dirishani. Akaniambia Salma anaonyesha mlango kwa kidole. Maana yake muda unakwisha.

Nikauliza, "Hakuna mwenye mikono mikavu humo ndani?"

Hakunijibu mtu. Nikauliza tena, na kimya kikazidi. Kimya cha wanawake wengi chumba kimoja si kitu cha kawaida, na mimi nikaelewa kwamba yuko mmoja, na hakuna anayethubutu kumtaja. Asubuhi, nikiwa bado nafunga waya, nilimsikia Bi Rukia akimwambia mwanamke wa kupaka hina kwamba mikono yake ni ya kupikia, si ya kuchorwa. Kila mtu alielewa. Hina ya siku ambayo Salma ndiye atakayetoa radhi, yeye haipaki.

"Usinitafute, fundi," akasema Bi Rukia. "Mimi niko jikoni."

Sauti ilitoka ndani ya chumba kile kile, pembeni, karibu na spika ya kulia. Hakuna aliyecheka. Hata mimi sikucheka mpaka nilipofika nyumbani.

Zule ndiye aliyesema naye. Hakupandisha sauti. "Bibi," alisema, "mimi nawataka nyote wawili. Ukikaa huko, mimi nakaa hapa, na kesho itanikuta hapa hapa."

Kisha nikasikia bangili, na magoti yakilalamika, na Bi Rukia akinung'unika kwamba nyumba nzima imejaa watu wenye mikono na hakuna mkono hata mmoja. Mkeka ukalia. Alikuwa ameketi kando ya Zule, maana sipiyu ilikuwa pale, na hakukuwa na namna ya kuifikia ila kwa kukaa bega kwa bega na bi harusi, mbele ya kamera.

Nikamwelekeza kutoka nyuma ya pazia. Peleka mkono nyuma ya sanduku. Tafuta pini yenye kitambaa cha leso ya kijani. Ishike vizuri. Sukuma.

"Imeingia."

"Bado, Bi Rukia."

"Nimekwambia imeingia."

"Sukuma kama unayemfungia mlango mtu usiyemtaka," nikasema.

Akasukuma. Nikasikia kishindo kidogo, tak, na hapo hapo sauti ya Salma ikatoka mbele ya chumba, wazi, katikati ya kilio chake, akisema, jamani hamnisikii, jamani semeni nami. Wanawake wakapiga vigelegele, hata nikaogopa kwamba tutampoteza tena kwa kelele. Nikawaomba wanyamaze, nikamwambia Bi Rukia asukume ya pili. Akaisukuma, na Salma akatokea pia nyuma, waliokaa mlangoni wakageuka kumtafuta. Akasukuma ya tatu, na sauti ikapata uzito wake, ikajaa nyumba kama alivyotaka mwenyewe.

Kisha Salma akanyamaza. Alikuwa ameona ni nani aliyeketi na Zule.

"Mama," akasema. "Shikamoo."

Bi Rukia, badala ya kujibu, akasema nami, kwa ile sauti ya mtu mwenye shughuli nyingi.

"Fundi, kazi yangu imekwisha? Naweza kuachia sasa nende zangu jikoni?"

Vijana, pini zote tatu zilikuwa zimeingia barabara. Sikio langu halikosei. Ungevuta waya, sanduku zima lingekufuata. Nami nikalishika lile pazia na kusema, "Usiachie, Bi Rukia. Ukiachia itakatika. Ishikilie hivyo hivyo mpaka amalize."

"Mpaka amalize?"

"Mpaka amalize."

Akashusha pumzi ndefu. "Marahaba," akasema, na neno hilo halikuwa langu.

Salma alianza kuzungumza akashindwa, akaanza tena. Alisema, "Mama, mimi siwezi kutoa radhi mbele yako. Wewe ndiye uliyemlea. Mtolee wewe kwanza, nami nifuate."

"Yangu anayo tangu alipoanza kutambaa," akasema Bi Rukia. "Angojwa wewe. Haya sema, mwanangu, mkono waniuma."

Hapo Zule akalia, Saumu akalia, Mama Kavata akalia kuliko wenye msiba, na kwa vile mikono yote ilikuwa na hina hakuna aliyeweza kujipangusa. Walikaa machozi yakiwatiririka, mikono juu. Mimi nikashuka barazani nikaenda kusimama ng'ambo ya njia, kwa sababu spika tano husema kwa nguvu na maneno ya Salma hayakuwa ya kusikiwa na fundi. Mikono yangu ilikuwa mikavu, nikajipangusa.